Sukari Kwenye Simu: Mwongozo kwa Anayeishi na Kisukari

Wauguzi wa kliniki za kisukari wanalijua vizuri daftari lililojazwa usiku wa kuamkia miadi: kurasa nne, kalamu moja, mwandiko mmoja, na namba zote nzuri. Aliyelijaza si mwongo kwa tabia. Mara nyingi ni mtu aliyepima kwa uaminifu wiki ya kwanza, akasahau ya pili, akaishiwa stripu ya tatu, na ya nne akaogopa kugombezwa. Programu ya simu inaweza kumpunguzia mtu huyu tabu yote hiyo, kwa sababu inakumbuka tarehe na saa na haihitaji kalamu. Inaweza pia kumletea tabu mpya: kengele zisizokoma, rangi nyekundu zinazomhukumu, na namba mia ambazo hajui azifanyie nini.

Mwongozo huu una jambo moja la msingi: namba ya sukari ina faida pale tu inapokuamulia jambo. Ukipima 13, ukaandika 13, ukafunga simu na kuendelea na shughuli zako, umetumia stripu na kuumiza kidole bure. Ukipima 13 ukajua imetoka wapi na kesho utabadilisha nini, umejitibu.

Utafiti nao unaelekea huko. Mwaka 2016 watafiti walikusanya matokeo ya tafiti 14 kuhusu programu za simu za kisukari. Kwa wagonjwa wa aina ya pili waliozitumia, HbA1c, kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu hivi, ilishuka kwa karibu nusu asilimia zaidi ya wasiozitumia. Si muujiza, lakini ni nafuu ya kweli: ni kama mtu kutoka 8.5 hadi 8.0. Kwa upande mwingine, utafiti uliofanyika katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Kambodia na Ufilipino uliwatumia wagonjwa ujumbe mfupi wa kuwakumbusha na kuwahimiza, na matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kuwa hawakutofautiana sana na wenzao ambao hawakutumiwa. Kukumbushwa peke yake hakutoshi. Lazima pawe na mtu anayeamua, na mtu huyo kwanza ni wewe.

Kabla hujapakua chochote

Programu haijui una kisukari cha aina gani wala dawa yako inafanya nini mwilini. Katika miadi yako ijayo uliza maswali manne, na majibu uyaandike:

1. Kisukari changu ni cha aina gani? Mwenye aina ya kwanza hawezi kuishi bila insulini na anahitaji kupima mara nyingi kwa siku. Mwenye aina ya pili anayetumia vidonge ana nafasi kubwa zaidi ya kupanga vipimo vyake.

2. Je, dawa zangu zinaweza kushusha sukari kupita kiasi? Insulini inaweza. Glibenklamidi na dawa za kundi lake zinaweza. Metformini ikitumika peke yake ni nadra kufanya hivyo.

3. Lengo langu ni lipi? Kwa watu wazima wengi lengo ni 4.4 hadi 7.2 kabla ya kula, chini ya 10.0 saa mbili baada ya kuanza kula, na HbA1c chini ya asilimia 7. Mjamzito hupewa lengo kali zaidi. Mzee sana au mwenye maradhi mengine huweza kupewa lengo lililolegezwa. Ingiza kwenye programu lengo lako wewe, usiache lile lililokuja nayo.

4. Nipime siku zipi na saa zipi?

Jambo la tano halihitaji daktari: jua kizio. Mashine za Kenya na Tanzania kwa kawaida husoma kwa mmol/L. Za Marekani husoma kwa mg/dL. Moja ya kwetu ni 18 ya kwao. Ndugu yako aliyeko Marekani akikwambia amepima 130, usishtuke: ni kama 7.2. Programu nyingi hutengenezwa huko, kwa hiyo ukishaifungua, jambo la kwanza ni kuhakikisha imewekwa mmol/L.

Kuchagua programu

Ziko nyingi mno, na nyingi hazidumu. Miongoni mwa zinazojulikana duniani ni mySugr, iliyoanzia Vienna, Austria, mikononi mwa watu ambao baadhi yao wenyewe wana kisukari, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Roche mwaka 2017. Huku kwetu, Kenya imetoa Afya Pap, iliyolenga wenye kisukari na shinikizo la damu. Jina lisikuvute sana. Chukua programu yoyote uipitishe kwenye vigezo hivi:

• Ifanye kazi bila intaneti. Bando likiisha tarehe 20, lazima bado uweze kuandika kipimo chako.

• Itoe ripoti unayoweza kuichapisha au kumtumia daktari, na bila malipo. Zipo zinazokuandikia bure mwezi mzima, kisha zikataka fedha siku unapotaka kuona ulichoandika.

• Ikuruhusu kuongeza vyakula vyako kwa majina yako.

• Kuandika kipimo kimoja kusichukue zaidi ya nusu dakika. Ijaribu siku mbili. Ikikuchosha ndani ya siku mbili, haitafika miezi miwili.

• Ieleze wazi ni ya nani na taarifa zako inazipeleka wapi.

• Isiombe isichohitaji. Programu ya kuandika sukari haina haja na orodha ya watu unaowasiliana nao.

• Soma vizuri palipoandikwa "jaribu bure siku saba". Siku ya nane fedha hukatwa.

Na kuna aina moja ya kukimbia kabisa. Hakuna simu inayopima sukari kwa kuweka kidole juu ya kamera, hata programu ikionyesha namba ya kuvutia. Hali kadhalika saa na pete zinazouzwa mitandaoni kwa ahadi ya kupima sukari bila kutoboa ngozi: Februari 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha hata moja ya aina hiyo. Mtu anayechoma insulini kwa kufuata namba ya uongo anaweza kupoteza maisha usiku huohuo.

Huna simu janja? Usijione umeachwa nyuma. Simu ya batani ina kengele ya kukumbusha dawa, na daftari lililoandikwa siku ileile lina thamani kuliko programu ya bei ghali iliyojazwa kwa kubahatisha. Kanuni zote zinazofuata zinafaa pia kwenye daftari.

Kipimo kiwe cha kweli kwanza

Simu huhifadhi unachoipa, kibaya au kizuri. Nawa mikono kwa sabuni na uikaushe kabla ya kujitoboa. Aliyemenya embe akapima bila kunawa anaweza kusoma sukari ya embe iliyobaki kwenye ngozi. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache, na ubadilishe vidole. Funika kopo la stripu mara tu unapotoa moja, kwa sababu joto na unyevunyevu huziharibu, na wakazi wa pwani wanajua hewa yao ilivyo. Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi kabla ya kulipa, hasa unaponunua zilizopunguzwa bei.

Jua pia kwamba mashine ya nyumbani si maabara. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka walau vipimo 95 kati ya 100 viwe ndani ya asilimia 15 ya kile cha maabara, sukari inapokuwa 5.6 au zaidi. Maana yake, sukari yako ikiwa 10.0 kweli, mashine nzuri inaweza kusema 8.5 au 11.5. Kwa hiyo 8.2 ya jana na 8.9 ya leo ni kitu kimoja. Usijipongeze wala kujilaumu kwa tofauti hiyo. Lakini mashine ikiandika HI badala ya namba, sukari imepita kiwango cha juu inachoweza kusoma. Hapo hakuna cha kuandika kwanza: nenda hospitali.

Stripu chache, majibu mengi

Wagonjwa wengi wanaoacha kutumia programu hawaichukii. Wameishiwa stripu, na programu inaendelea kuwauliza kila asubuhi mbona hawajapima. Zima vikumbusho usivyoweza kuvitimiza, na upange vipimo kwa mfuko wako.

Kama unatumia vidonge na daktari hajakuagiza vinginevyo, pima kwa jozi: kabla ya mlo, kisha saa mbili baada ya kuanza kula. Kipimo kimoja pekee kinakuambia ulipo. Jozi inakuambia chakula kile kimekufanyia nini. Jozi tatu kwa wiki ni stripu sita: Jumatatu kifungua kinywa, Jumatano chakula cha mchana, Jumamosi chakula cha jioni. Kwa wiki nne ni stripu 24. Kopo la stripu 25 litakubakizia moja ya dharura.

Tuseme Jumatatu umepima 6.8 kabla ya kifungua kinywa. Ukala chapati tatu na chai yenye sukari, na baada ya saa mbili ikasoma 13.4. Andika mambo matatu tu: namba, ulichokula na kiasi chake, na kama ulitembea au ulikaa. Jumatatu inayofuata badilisha kitu kimoja: chapati moja badala ya tatu, chai ileile. Ikisoma 9.1, umejifunza jambo ambalo hakuna kitabu kingekuambia kwa uhakika huo, maana limetoka katika mwili wako. Ukibadilisha vitu vitatu kwa pamoja hutajua ni kipi kilichosaidia.

Mpango huu haumfai anayetumia insulini. Yeye anahitaji kupima kabla ya kuchoma, kabla ya kuendesha gari au pikipiki, na kila anapojisikia vibaya, kwa ratiba aliyopewa na kliniki.

Chakula chetu, orodha zao

Fungua sehemu ya chakula na utakutana na malalamiko ya kila mtumiaji wa Afrika Mashariki. Programu inajua aina kumi za mkate wa nafaka lakini haijui matoke, makande wala mbaazi za nazi. Ukitafuta ugali unaweza kuupata, lakini ni ugali wa nani? Wa sembe au wa dona, mlaini au mgumu, kipande au sinia? Wengi hukata tamaa hapa, au huchagua chakula kinachokaribiana tu, na hesabu ya wanga ikaharibika.

Njia nzuri ni kujitengenezea orodha yako. Familia nyingi hurudia milo kumi au kumi na miwili ileile. Iandike mara moja kwa vipimo vya nyumbani: "ugali wa ngumi moja na dagaa", "wali kikombe kimoja na maharage", "ndizi mbili na nyama". Siku nyingine utachagua kwa kugusa mara moja. Kama unahesabu wanga kwa ajili ya insulini, mwombe mtaalamu wa lishe akusaidie kwa kutumia majedwali ya vyakula vya hapa kwetu: Tanzania ilitoa yake mwaka 2008 na Kenya mwaka 2018, na yana vyakula tunavyovipika kweli.

Kama huhesabu wanga, piga picha ya sahani na uiache hapo. Sahani inayofaa, nusu yake ni mboga, robo ni wanga na robo ni maharage, samaki au nyama. Picha saba za wiki zitakuonyesha kwa jicho moja kama robo ya wanga imegeuka kuwa nusu, na muuguzi ataliona hilo haraka kuliko kusoma maelezo marefu.

Jioni moja kwa wiki ya kusoma

Kuandika bila kurudi kusoma ndilo kosa lililoenea zaidi. Chagua jioni moja, keti dakika kumi, na tafuta kinachojirudia, si namba moja mbaya. Namba moja inaweza kuletwa na harusi, malaria, mafua au usiku wa kukosa usingizi. Inayojirudia mara tatu saa ileile ina sababu yake.

Je, iko juu kila asubuhi kabla ya kula? Huenda chakula cha usiku ni kingi, huenda dozi ya jioni haitoshi, na huenda ini linamwaga sukari alfajiri, jambo la kawaida kwa wenye kisukari. Hilo ni la kumpelekea daktari. Usijinyime chakula kwa kulipiza. Je, inapanda baada ya mlo mmoja tu? Rekebisha mlo huo. Je, inashuka saa kumi jioni siku za kazi ngumu? Huenda umechelewa kula, au dawa inazidi kazi unayofanya. Je, vipimo vyote vimepanda ghafla kwa anayetumia insulini? Angalia insulini yenyewe: ilikaa wapi? Kichupa kisichofunguliwa hukaa kwenye jokofu kati ya nyuzi 2 na 8, kilichoganda hutupwa.

Andika uamuzi mmoja wa wiki. Mmoja tu.

Sukari ikishuka, weka simu pembeni

Chini ya 3.9 ni sukari iliyoshuka. Chini ya 3.0 ni hatari kubwa. Kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kuchanganyikiwa: usianze kuandika. Kunywa vijiko vinne vidogo vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiyo ya zero. Subiri dakika 15, pima tena, na ikiwa bado iko chini ya 3.9 rudia. Ikipanda, kula chakula, kisha ndipo uandike. Aliyezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Simu isaidie kabla ya siku hiyo. Kwenye skrini inayoonekana bila neno la siri, weka maandishi yanayosema una kisukari, dawa unayotumia na namba ya ndugu wa kupigiwa. Anayekukuta umeanguka stendi asidhani umelewa.

Na tahadhari kubwa kuliko zote: usikubali programu ikukadirie dozi ya insulini kwa uamuzi wake. Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichunguza programu 46 za kukokotoa dozi, na theluthi mbili kati yake zilikuwa na hatari ya kutoa jibu lisilofaa. Nyingine zilikubali kufanya hesabu hata pale namba muhimu ilipokosekana. Kikokotoo kinaweza kuwa kizuri, lakini daktari wako ndiye aweke viwango vyako ndani yake, na mjaribu pamoja mifano kadhaa kabla ya kukiamini.

Vihisi vya ngozini

Wenye uwezo, na baadhi ya watoto wanaosaidiwa, hutumia kihisi kinachobandikwa mkononi na kupeleka namba kwenye simu mchana na usiku. FreeStyle Libre ilianza kuuzwa Ulaya mwaka 2014, na kihisi chake cha mwanzo kilikaa siku 14. Wanaovitumia husema faida kubwa ni mshale: kujua sukari inapanda au inashuka, si ilipo tu. Lengo kwa watu wazima wengi ni walau asilimia 70 ya saa za siku sukari iwe kati ya 3.9 na 10.0.

Jifunze tabia zake. Kihisi hakipimi damu bali majimaji yaliyo chini ya ngozi, hivyo huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu. Sukari inaposhuka kwa kasi, hisia zako zinaweza kuwa sahihi kuliko skrini. Ukiulalia mkono wenye kihisi, kinaweza kupiga kengele ya sukari kushuka ambayo si ya kweli. Kila namba isipolingana na unavyojisikia, toboa kidole. Kuhusu kengele, acha ya sukari kushuka ikae macho usiku kucha, lakini ile ya kupanda iweke juu kidogo mwanzoni, halafu uishushe taratibu kadiri unavyozoea. Watu wengi hubandua vihisi kwa sababu ya kukosa usingizi.

Mengi ya mazuri katika teknolojia hii yalisukumwa na wagonjwa na wazazi. Mwaka 2013 huko Marekani, mhandisi John Costik, baba wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza, alitafuta njia ya kuona sukari ya mwanawe akiwa mbali naye. Wazazi wengine waliijenga zaidi ikawa Nightscout, programu ya bure inayotumika mpaka leo. Ukiona kasoro kwenye programu yako, ripoti. Maoni yako ni sehemu ya utengenezaji wake.

Siku za kufunga

Mwezi wa Ramadhani unahitaji mpango mapema, na simu ni msaidizi mzuri. Senegal ilianza kutuma ujumbe wa simu wa kisukari mwaka 2014 chini ya mpango wa Shirika la Afya Duniani, na ushauri wa Ramadhani ulikuwa sehemu yake tangu mwanzo. Onana na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi. Kuna ambao watashauriwa wasifunge, na dozi na nyakati za dawa karibu kila mara hubadilika. Mwongozo wa mwaka 2021 wa IDF, shirikisho la kimataifa la kisukari, na DAR, muungano wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani, unaeleza wazi kwamba kujitoboa kidole hakubatilishi saumu. Weka kengele za kupima kabla ya daku, asubuhi, mchana, alasiri, kabla ya futari na saa mbili baada yake. Asiye na stripu za kutosha aulize kliniki zipi ni za lazima kwake. Mwongozo huohuo unasema fungua ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9, imepita 16.7, au unaumwa. Waandikie wanafamilia namba hizo mbili mahali wanapoziona, ili siku hiyo pasiwe na mabishano. Mkristo anayefunga naye afuate tahadhari hizihizi.

Siri yako, na watu wako

Taarifa za afya si jambo dogo. Uchunguzi wa programu 211 za kisukari za simu za Android, uliochapishwa Marekani mwaka 2016, ulikuta asilimia 81 hazikuwa na sera yoyote ya faragha. Sheria sasa iko upande wako: Kenya ina sheria ya kulinda data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Unaweza kuuliza mtoa huduma anahifadhi nini kukuhusu, na kudai kirekebishwe au kifutwe. Weka neno la siri kwenye simu, na ukiuza au kugawa simu ya zamani, toa ripoti yako kwanza, kisha futa akaunti.

Nyumbani, mara nyingi mjukuu ndiye mwandishi na bibi ndiye mgonjwa. Ni mpango mzuri, mradi bibi mwenyewe ameridhia na anaelezwa namba zake. Kwa kijana anayemfuatilia mzazi kutoka mbali, iwe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat: usipige simu kila namba inapopanda. Mzee anayeulizwa "Mama, umekula nini tena?" mara tatu kwa siku ataacha kupima, au atakupa namba unazotaka kuzisikia. Kubalianeni: sukari ikishuka chini ya 3.9, au mashine ikiandika HI, piga mara moja. Mengine yote yasubiri mazungumzo ya Jumapili, baada ya salamu.

Kliniki: dakika kumi zitumike vizuri

Foleni ni ndefu na daktari ana muda mchache. Usimpe simu aanze kupekua. Nenda na ripoti ya ukurasa mmoja ya wiki nne, au picha ya skrini, pamoja na sentensi tatu: kinachojirudia ni hiki, nimebadilisha hiki na matokeo ni haya, swali langu ni hili. Mfano: "Daktari, asubuhi tatu kati ya nne iko juu ya 9. Nimepunguza wali wa usiku, haijashuka. Je, tubadilishe dawa ya jioni?" Mtaalamu anayepokea swali hilo ana pa kuanzia. Usifute namba mbaya kabla ya kwenda. Ndizo zinazomwonyesha pa kurekebisha. Na ukikutana na anayekugombeza kwa sababu ya namba hizo, mwambie kwa heshima kwamba umezileta ili akusaidie.

Programu pia haioni miguu, macho wala figo. Tumia kalenda yake kukumbusha uchunguzi wa macho na wa mkojo na damu kwa ajili ya figo kila mwaka, HbA1c kila baada ya miezi mitatu hadi sita panapopatikana, na kutazama nyayo zako kila usiku.

Ukichoka

Utachoka. Kisukari hakina likizo, na kuandika kila siku kunaweza kukufanya ujione mwanafunzi anayefeli mtihani. Hilo limewapata wengi na si udhaifu. Punguza badala ya kuacha: endelea na dawa na vipimo vya usalama, lakini ruka kuandika chakula mwezi mmoja. Zima rangi na alama za pongezi kama zinakuumiza. Uchovu ukigeuka huzuni isiyoondoka, usingizi kupotea au kutotaka tena dawa, mweleze daktari. Ni sehemu ya matibabu kama sukari yenyewe.

Anza wiki hii

Pakua programu moja, weka mmol/L, ingiza malengo yako, zima vikumbusho vyote isipokuwa vya dawa na vya vipimo ulivyo na stripu zake. Chagua mlo mmoja unaoutilia shaka, upime kwa jozi, ubadilishe kitu kimoja, upime tena wiki ijayo. Mwezi ukiisha ukiwa na uamuzi mmoja uliokusaidia, endelea na programu hiyo. Ukiwa na namba tele lakini huna uamuzi hata mmoja, ifute bila majuto, rudi kwenye daftari, na umwombe muuguzi akufundishe kusoma ulichonacho.